Marehemu Alikuwa Mtu Mpole

Kwetu Riruta maji ya bomba huja yanapojisikia, kwa hiyo kila nyumba katika ploti yetu ina pipa la plastiki la buluu nje ya mlango. Koridoo ni nyembamba, na ukiwa umebeba mtoto au mtungi wa gesi unapita upande upande kama mtu anayeingia safu ya kanisa watu wakiwa wamekwisha kaa. Jirani yetu wa mlango wa pili alikuwa na pipa kubwa kuliko yote. Jumamosi moja mchana mumewe alimshika kisogo, akamtia kichwa ndani ya pipa hilo, akamkandamiza humo.

Nalisema hili mwanzoni kabisa kwa sababu mahakamani lilichelewa sana kutajwa, na lilipotajwa lilikuwa limekwisha poa.

Mimi na mume wangu tulikuwa jikoni. Tulikuwa tunatarajia wageni, nami nilikuwa naponda mukimo wa viazi na mahindi kwenye sufuria kubwa iliyowekwa sakafuni, yeye ameketi kwenye kigoda akipukuchua mahindi ya kuchoma aliyokuwa ameyafurahia sana sokoni. Ugomvi wa jirani tuliusikia tangu ulipoanza. Tuliuzoea. Kila mtu kwenye ploti aliuzoea, na aliyekuwa akisema mahakamani kwamba hakuwahi kuusikia basi alikuwa na masikio ya mapambo. Sauti ya mwanamume ingepanda, kitu kingeanguka, mwanamke angelia, watoto wangetoka nje kucheza kwa nguvu isiyo ya kawaida, kisha jioni ungemwona mama anaanika nguo na kukusalimia vizuri. Siku ile kilio kilianza kama siku zote halafu kikakatika. Mahali pake pakaja sauti ya maji.

Mume wangu alinitazama. Ni mtu wa polepole. Kazi yake ilikuwa kutengeneza friji, na wateja walikuwa wakimlalamikia kwamba huisikiliza friji kwanza kabla hajaifungua, kana kwamba ni mgonjwa. Hakuwa mtu wa vita. Konda akimrudishia chenji pungufu ni mimi niliyekuwa nikigomba, yeye anaangalia dirishani. Aliuchukua mwiko mikononi mwangu, ule mnene wa kupondea, viazi bado vimeuganda, akatoka. Nikamfuata.

Jirani, yule mume, alikuwa ameinama juu ya pipa kwa mikono miwili. Miguu ya mkewe ilikuwa inapiga piga ukuta. Mume wangu alimwambia, "Baba, muache. Muache huyo mama." Akamvuta shati, shati likachanika, jirani hakugeuka. Akampiga begani kwa mwiko. Hapo jirani aligeuza kichwa akatutazama, akasema, "Hii ni mambo ya nyumba yangu," kwa sauti ya kawaida, ile ile aliyotumia kuomba koleo. Kisha akageuka akamzamisha mkewe tena.

Mume wangu akampiga mara ya pili, kichwani. Jirani alianguka na kichwa chake kikapiga ukingo wa sinki ya saruji tunayofulia nguo. Mimi nilimvuta yule mama kwa gauni na kwa nywele, nikamlaza sakafuni kifudifudi. Alitapika maji na maharagwe juu ya miguu yangu. Mlio alioutoa alipovuta pumzi nausikia mpaka leo nikiwa nafungua bomba.

Majirani wengine walitoka baada ya hapo. Walichoona ni mtu amelala chini hapumui na mume wangu amesimama na mwiko.

Sasa nataka kumsema marehemu kwa haki, maana wengi wamemsema kwa namna nyingine. Alikuwa dereva wa familia moja kule Karen, na kanisani alikuwa mmoja wa wale wanaowaonyesha watu pa kukaa. Ploti ikipata msiba, yeye ndiye aliyekuwa katibu wa kamati. Baba yangu alipofariki, huyu jirani ndiye aliyekwenda mochari nikiwa siwezi hata kusimama, ndiye aliyetafuta basi, ndiye aliyeketi mezani kwetu na kompyuta ndogo akipanga programu ya mazishi. Alijua kazi hiyo. Aliijua hasa ile sehemu ya wasifu. Angewasikiliza watu wa nyumba, kisha angesema kwa upole, "Hapa tutoe, hapa tuongeze kidogo." Dada yangu mkubwa alisoma mbele ya jeneza kwamba baba hakuwahi kupaza sauti nyumbani kwake. Mama alikuwa ameketi mstari wa mbele akiitikia kwa kichwa, na jino lake la mbele baba ndiye aliyelitoa. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyeona kwamba dada amedanganya. Mazishini ndivyo watu wanavyosema, na anayesema vinginevyo ataulizwa kama ana akili timamu.

Polisi walikuja wakamchukua mume wangu. Hakukataa, alivaa viatu akafunga kamba vizuri. Mwiko nao waliuchukua, umefungwa kwenye karatasi ya nailoni. Yule mama alipelekwa hospitali, na afisa mmoja alimfuata huko ili aandikishe maelezo, lakini akawakuta shemeji zake wamekwisha fika. Walimwambia afisa, "Tuzike kwanza." Naye akakubali. Ndiyo adabu. Hata mimi nilipoambiwa sikuona kasoro. Mtu amefariki, wacha azikwe, mengine yatafuata. Wakili wetu, kijana mwenye ofisi ndogo ghorofani Kilimani, ndiye wa kwanza kushtuka. Alivua miwani akaiweka mezani.

"Hakuandikisha chochote siku hiyo?"

"Alikuwa mgonjwa. Na kulikuwa na msiba."

"Mama, hiyo ndiyo ilikuwa siku yetu," alisema. Nikaanza kuogopa kwa mara ya kwanza.

Sheria, alinieleza, inamruhusu mtu kumtetea mwingine. Inamruhusu hata kuua, ikiwa hakuna njia nyingine na nguvu haikuzidi. Lakini lazima mtu aiambie mahakama kwamba kweli kulikuwa na kifo kinakuja. Mume wangu ni mshtakiwa, angesema hivyo hata kama si kweli. Mimi ni mke wake. Maji hayakuacha alama shingoni mwa mtu. Tulibaki na mdomo wa yule mama peke yake.

Kamati ya mazishi ilikuwa ikikutana chini ya dirisha langu, uani, kwa wiki nzima. Viti vya plastiki, hema, nyimbo, kisha mipango. Nilikuwa nikikaa ndani bila kuwasha taa nikiwasikiliza watu ambao Jumamosi ile walikuwa wamenishika mkono na kuniambia, "Mungu ambariki mzee wako, ameokoa mtu." Kufikia Jumanne walikuwa wakisema, "Lakini si angemshika tu?" Kufikia Ijumaa hawakusema chochote, walikuwa wakinipa njia kwenye koridoo. Sikuwa na hasira nao siku hizo. Hasira ilikuja baadaye, na ilipokuja ilikaa.

Nafanya kazi katikati ya jiji, katika duka la vitambaa ambalo bosi wangu, Mhindi wa makamo, alirithi kwa baba yake. Siku ya mazishi nilikuwa huko, kwa sababu nyumbani nisingeweza kukaa. Mazishi yalikuwa yakirushwa moja kwa moja, kama kila mazishi siku hizi, nami niliyatazama kwenye simu nyuma ya marobota ya kitambaa. Yule mama alisimama karibu na jeneza, kitambaa cheupe kichwani, wifi zake wawili wamemshika mikono huku na huku. Akasoma wasifu: Mume wangu alikuwa mtu mpole. Hakuwahi kuniinulia mkono. Alikuwa ngao yangu. Aliyemfanyia haya Mungu atamlipa.

Natamani kusema kwamba moyo ulinipasuka. Haukupasuka. Maneno hayo nimeyasikia kwenye kila kaburi nililosimama kando yake, na nilichokiona mimi ni kwamba amekonda. Hata angebisha mlango wangu kabla ya kusafiri kwenda kuzika akaniuliza asome au asisome, ningemwambia asome, awaridhishe, arudi na watoto wake salama. Kisha mteja aliniita nimkatie mita za satini, nikaenda nikamkatia.

Mume wangu alikaa rumande kipindi kirefu kabla kesi haijaanza kusikilizwa. Nilimpelekea sweta, nilimpelekea miwani ya kusomea. Tulikuwa na tumaini, nalikumbuka vizuri, kwa sababu yule mama alikuwa amekubali kuja kusema ukweli. Shemeji zake walimwonya. Watoto walikuwa wamebaki ushago, kijijini kwa nyanya yao, na aliambiwa waziwazi kwamba akisimama upande wa muuaji asikanyage tena boma lile. Alikuja hata hivyo. Alipita mbele ya mama mkwe wake kwenye benchi la mahakama, akapanda kizimbani, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka mlangoni, "Alikuwa ananiua. Huyu mzee ndiye aliniokoa. Kama si yeye mimi ningekuwa maiti."

Nililia kwa furaha. Wakili wetu alinigeukia akaniashiria nitulie.

Kiongozi wa mashtaka alisimama. Alikuwa mwanamke mwenye sauti nzuri, wala hakuwa na ukali. Alimpa yule mama karatasi laini yenye picha ya marehemu akitabasamu, ile programu, akamwomba asome aya moja. Kisha wakacheza video kwenye skrini, ili sote tuone kitambaa cheupe na wifi wawili.

"Huyo ni nani anasoma?"

"Ni mimi."

"Unasema hakuwahi kukuinulia mkono."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unadanganya siku hiyo mbele ya jeneza la bwanako, ama unadanganya leo?"

Alitazama huku na huku. Nadhani alikuwa anatafuta mtu wa kumsaidia kueleza jambo ambalo halijawahi kuhitaji kuelezwa. "Madam," alisema, "kwa mazishi kila mtu husema hivyo."

"Jibu swali langu."

"Waliniandikia. Mimi nilisoma tu."

"Kwa hiyo mtu akikuandikia kitu, unasoma. Na leo nani amekuandikia?"

Akaanza kulia, na kulia kwake kukafanana sana na kule kulikoonekana kwenye video. Jaji aliandika.

Niliwatazama watu wote katika chumba kile. Kiongozi wa mashtaka lazima amemzika mtu. Jaji ana mvi, amezika wengi. Askari aliyekuwa mlangoni, karani, wakili wetu, wale ndugu. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye hajawahi kusimama juani na kipaza sauti akamsifu mlevi kwa kiasi chake na mchoyo kwa ukarimu wake. Wote walijua thamani ya karatasi ile. Ikapokewa kama kielelezo, ikapigwa muhuri, na nilitaka kusimama niwaulize kama hawaoni haya. Sikusimama. Ningetolewa nje, na mume wangu alikuwa ananitazama.

Uamuzi ulisema shahidi huyo ni mtu wa kubadilika badilika na ushahidi wake hauwezi kutegemewa. Ulisema hata kama palikuwa na ugomvi wa mke na mume, pigo la kwanza lilitosha, na la pili lilizidi. Kosa la mauaji likashushwa likawa kuua bila kukusudia, na wakili aliniambia hayo ni mafanikio. Mafanikio hayo ni miaka ambayo binti yetu, aliyekuwa anaanza kusoma herufi, atamaliza shule zote kabla haijaisha.

Pigo la pili. Kila mtu huniuliza habari zake. Bosi wangu, ambaye alinivumilia siku zote nilizokosa kazi na sitamsahau, aliniuliza akiwa anakunja kitambaa, "Lakini mama, kwa nini alipiga tena?" Nikamwambia kwa sababu la kwanza halikufaa kitu. Akafikiri, akasema, "Mimi ningefunga geti, ningepigia polisi." Nikamuuliza polisi wangefika saa ngapi. Akaacha kukunja. Alisema hajui. Ni mtu mwema, hakutaka kunidanganya.

Nimeliwaza jambo hili mpaka limeniharibia usingizi. Kama mtu ana haki ya kumuua mwingine ili wa tatu aishi, mimi sijui. Sikumtakia jirani kifo. Watoto wake walikuwa wakija kwangu kula chapati, nao sasa hawana baba, na mama yao wamenyimwa. Nilimwona mama yake mahakamani ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, na sikuweza kumchukia. Lakini wale wanaosema nguvu ipimwe, nawauliza ipimwe na nini, mtu akiwa na pumzi moja tu imebaki? Wanaosema angemshika, wao walikuwa ndani ya nyumba zao wakisikia alivyosikia yeye. Walikuwa na mikono ya kushikia, mingi. Wangetoka wanaume wanne tu, jirani angekuwa hai leo, mume wangu angekuwa anasikiliza friji. Hilo ndilo linalonikata maini. Wote walibaki ndani, akatoka mmoja, na sasa huyo mmoja ndiye mwenye hatia.

Yule mama alikuja dukani miezi kadhaa baada ya hukumu. Nilimwona amesimama mlangoni akijifanya anatazama leso. Nilikuwa nimejiandalia maneno makali kwa ajili yake, nikayakosa yote. Tuliketi nyuma kwenye marobota. Aliniomba msamaha, nikamwambia sina la kumsamehe, ingawa sikuwa na hakika. Alisema anaishi kwa binamu yake, hajaruhusiwa kuwaona watoto.

"Dadangu," aliniambia, "najiuliza kila siku. Kama ningekufa mimi, si yeye ndiye angenisomea?"

Nilimsogezea kikombe cha chai.

"Angesoma vizuri sana," alisema. "Angelia, na watu wangemshika."

Aliondoka bila kunywa chai niliyomtengenezea. Nilisikia baadaye amehama mji.

Nyumba yake ilikaa tupu kidogo, kisha wakaingia vijana wawili waliooana karibuni. Wana heshima, msichana hunisalimia "shikamoo auntie" akipita na ndoo. Jumapili moja mchana, nikiwa nasuka nywele za binti yangu, nilisikia sauti ya mwanamume inapanda mle ndani. Kitu kikaanguka. Msichana akaanza kulia, kisha kuita, na alikuwa akiita, "Auntie." Nilisikia milango ya ploti. Siyo ikifunguliwa. Niliisikia ikifungwa, mmoja baada ya mwingine, na mahali fulani mtu akaongeza sauti ya runinga. Mkono wangu ulikuwa kwenye kichwa cha mtoto. Alisema, "Mama, unanivuta." Niliinuka, nikaenda mpaka mlangoni, nikashusha komeo.

Msichana hakufa. Jumatatu alikuwa koridoo na miwani ya jua, akanisalimia "habari" tu. Shikamoo haikuwepo.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu yangu ya kwenda gerezani. Pale tunazungumza kupitia wavu, watu wengi kwa wakati mmoja, kila mtu anapaza sauti. Amezeeka, na wamemnyoa vibaya. Nilimweleza yote, jinsi alivyokuwa akiita, jinsi milango ilivyofungwa, jinsi nilivyofunga wangu. Sikuficha chochote. Nilikwenda kule ili anigombeze. Mtu aliyechukua mwiko mikononi mwangu bila kuuliza neno, nilitaka anikunjie uso, aniambie, mama watoto, hata wewe, pamoja na yote unayoyajua, umefunga mlango. Ningerudi nyumbani nikiwa na aibu, lakini ningejua kwamba bado yupo.

"Hukufungua?" aliuliza.

"Sikufungua."

Aliusogelea wavu ili asikike vizuri.

"Umefanya vizuri," alisema. "Usiwahi kufungua."

Kisha akaniuliza kama mtoto amepata viatu vya shule.